Mama Pumzi Anajibu: Mipira mitatu, presha na zumari

Mwezi huu sanduku limejaa maswali ya vile vifaa vya kuvutia pumzi vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba na mitandaoni. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana wenye shida kama ya huyu aliyeiandika ni wengi na wengi wao huwa hawaandiki.

SWALI: Shikamoo Mama Pumzi. Nina miaka 46, naishi Mirerani. Nilikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite, tangu kabla ya ukuta wa migodi kujengwa, nashika mashine ya kuchoronga miamba. Niliugua TB nikatibiwa hospitali ya Kibong'oto, nikamaliza dozi, makohozi yakapimwa yakawa safi. Lakini pumzi haikurudi. Kutoka sokoni hadi nyumbani kuna kilima kidogo tu, nasimama njiani kuhema kama mzee. Daktari aliniambia mapafu yana makovu na vumbi la mawe. Nilipokwenda Arusha, muuzaji mmoja akaniuzia "mashine ya kufufua mapafu", ina mipira mitatu ya rangi, ukivuta inapanda. Sasa yote mitatu inapanda lakini kilima ni kilekile. Je, nimeibiwa? Jirani yangu anasema ningenunua maputo tu nipulize.
*Mwanaapolo aliyestaafu*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kifaa chenyewe ni halali, hata hospitali tunakitumia. Uongo uko kwenye lile jina alilokipachika muuzaji. Hakuna mashine ya kufufua mapafu. Kovu la TB halifutiki kwa kuvuta mpira, na vumbi la jiwe likishaota ndani ya pafu halitoki.

Mipira mitatu tunawapa watu waliotoka kupasuliwa kifua au tumbo. Mtu wa namna hiyo anaumwa kidonda, kwa hiyo anapumua juujuu, na sehemu ya chini ya mapafu inaanza kusinyaa. Ule mpira ukipanda unamwonyesha kwamba sasa amevuta pumzi ndefu. Kitazame chako ubavuni, utakuta kimeandikwa 600, 900 na 1200. Hizo ni mililita za hewa kwa sekunde. Ni kasi, si uzito. Ndiyo maana wewe umeweza kuipandisha yote bila msuli wako kubebeshwa mzigo wowote wa maana.

Kifaa unachokitafuta ni kingine. Ni kimrija kifupi cha plastiki chenye valvu inayobanwa na springi. Unaizungusha springi mpaka kwenye namba fulani, na hewa haipiti kamwe mpaka uvute kwa nguvu inayofikia namba hiyo. Namba zinahesabiwa kwa sentimita za maji. Vifaa vya aina moja inayotumika sana hospitalini vinaanzia 9 na kuishia 41, vingine vinapanda zaidi. Hapo msuli unafanya kazi kweli, na kila ukizoea unaongeza.

Msuli wenyewe ni kiwambo, ule mpana uliotandazwa chini ya mapafu unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli iliyo kati ya mbavu. Hii ni misuli kama ya paja. Ulipougua TB ulikonda, na kukonda hakukuchagua mikono na miguu peke yake. Kisha ukakaa muda mrefu bila kazi. Na upande wa pili mapafu yako yamekuwa magumu kwa makovu, yanadai nguvu zaidi ili yatanuke. Kwa hiyo msuli umepungua huku kazi yake ikiongezeka.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu hii ndiyo moyo wa jambo lote. Mwanamume mwenye afya akiambiwa avute hewa kwa nguvu zake zote kwenye mrija uliozibwa, mara nyingi anafika karibu sentimita 100 za maji. Tuseme wewe unafika 50. Na tuseme kila pumzi ya kupanda kile kilima inakudai 20. Maana yake kila ukivuta unatumia asilimia 40 ya nguvu yako yote, na ubongo unalisikia hilo kama kukosa hewa. Ukiufundisha msuli mpaka ukafika 70, kilima bado kinadai 20 ileile, lakini sasa ni chini ya asilimia 30. Pafu halijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba huhemi tena kwa kiwango kile cha kuogopesha. Hiyo ndiyo faida ninayoweza kukuahidi, na si haba.

Lakini kabla hujanunua kitu kingine, rudi hospitali. Nakuomba ulisome hili mara mbili. Mtu aliyepona TB anaweza kuipata tena, na vumbi la mawe ndani ya pafu huongeza hatari hiyo. Upigwe picha ya kifua, makohozi yapimwe upya, hasa kama unakohoa kuliko zamani, unatoka jasho usiku au unazidi kukonda. Ukiona damu kwenye makohozi usivute kifaa chochote, nenda siku hiyohiyo. Halafu picha ya kifua ina sababu ya pili: mapafu ya wachoronga miamba na ya waliougua TB wakati mwingine huwa na vifuko vya hewa au matundu, na kifuko kikipasuka hewa inavujia nje ya pafu. Mwenye vifuko vikubwa, au ambaye pafu liliwahi kupasuka hivi karibuni, mimi simpi springi mkononi. Wala simpi aliyetoboka ngoma ya sikio, mpaka lipone.

Ukishapata ruhusa, mtafute mtaalamu wa fiziotherapia. Kipimo cha nguvu ya kuvuta hewa hakipatikani kila mahali. Kikiwepo, tunaanzia asilimia 30 ya uwezo wako na kupanda polepole hadi 50 au 60. Kisipokuwepo tunaanzia chini kabisa na kuongozwa na wewe mwenyewe: katika ngazi ya 0 hadi 10, uzito wa kuvuta uwe 4 hadi 6. Ukiwa 2 unacheza. Ukiwa 9 hutamaliza wiki.

Namna yenyewe ni hii. Kaa wima kwenye kiti, miguu chini. Bana pua kwa kibano chake. Funga midomo vizuri kuzunguka mrija, toa hewa taratibu mpaka ipungue kabisa, kisha vuta kwa nguvu na kwa haraka mpaka kifua kijae. Toa polepole. Pumzika kidogo ndipo urudie. Pumzi 30 asubuhi na 30 jioni, siku tano za wiki au zaidi. Ukisikia kizunguzungu umekwenda mbio, simama, upumue kawaida, kisha uendelee kwa mwendo wa chini. Kikiuma kifua, acha. Mabadiliko usiyatafute wiki ya kwanza, mpe msuli wiki nane.

Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke. Na kiwe chako peke yako. Nimeona nyumba ambamo baba, mama na mtoto wanapokezana mrija mmoja, tena nyumba iliyokuwa na mgonjwa wa TB!

Maputo? Kupuliza puto kunafanyisha kazi misuli ya kutoa hewa, nawe shida yako ni kuvuta. Watoto waachie. Kuna na wale wanaolala chali wakaweka mfuko wa kilo moja ya sukari tumboni na kupumua ukipanda na kushuka. Mimi siwakatazi, kunamfundisha mtu kutumia tumbo badala ya mabega. Ila kilo moja haibadiliki wiki hadi wiki, na mzigo usioongezeka haujengi msuli.

Sasa nikuambie lile ambalo muuzaji hawezi kukuambia. Kifaa peke yake hakikutoshi. Ulaya walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 219 wenye mapafu yaliyoziba kwa sigara na mengineyo, wote wakiwa na misuli dhaifu ya kupumua. Wote waliwekwa kwenye mazoezi ya kawaida ya miguu na mwendo, nusu yao wakaongezewa kifaa chenye mzigo. Waliopewa kifaa misuli yao ya pumzi iliimarika kuliko wenzao. Lakini walipopimwa mwendo wa dakika sita, hawakuwazidi wenzao. Maana yake mguu ndio unaotembea, mwanangu. Mguu dhaifu unadai hewa nyingi kwa kazi ndogo.

Kwa hiyo tembea. Tambarare kwanza, kwa mwendo ambao bado unaweza kusema sentensi fupi, kila siku ukiongeza dakika chache kuliko jana. Kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara kumi, pumzika, rudia. Pale hospitali ya Mulago, Kampala, watu waliopona TB wakabaki na mapafu mabovu kama wewe waliwekewa darasa la namna hii kwa wiki sita, mara mbili kwa wiki. Lilikuwa kundi dogo lisilo na la kulinganisha nalo, lakini walimaliza wakitembea mbali zaidi na malalamiko yao yakiwa yamepungua. Vifaa vyao vilikuwa vya kawaida mno.

Kwenye kilima chenyewe, vuta kwa pua hatua mbili, toa kwa midomo uliyoibana hatua nne, kama unayepoza uji. Simama kabla hujaishiwa, usingoje kuishiwa. Na mashimoni usirudi, hata kwa siku moja ya kumshikia mtu zamu.

SWALI: Assalaam aleikum Mama Pumzi. Mama yetu ana miaka 67, yuko kwenye orodha ya kupasuliwa moyo Dar es Salaam, wanataka kumpandikiza mishipa. Sisi tuko Unguja. Muuguzi mmoja alituambia tumfanyishe mazoezi ya pumzi wakati tunangoja. Ndugu zangu wamekuja juu, wanasema mgonjwa wa moyo hafanyishwi mazoezi, alazwe tu. Tumsikilize nani?
*Binti mkubwa, Unguja*

JIBU: Waaleikum salaam. Msikilizeni muuguzi, kwa sharti moja nitakalolitaja.

Kinachowatesa wengi baada ya upasuaji wa moyo si moyo tena, ni kifua. Mfupa wa katikati umekatwa na kuunganishwa, mtu anaogopa kukohoa. Dawa ya usingizi na mashine ya kupumulia vimempumzisha msuli wa pumzi. Makohozi yanakaa, sehemu ya chini ya pafu inasinyaa, siku ya tatu homa inapanda, ni nimonia. Basi kama msuli umeingia chumba cha upasuaji ukiwa na akiba, una kitu cha kutumia wakati huo.

Hili limepimwa. Utrecht, Uholanzi, walichukua wagonjwa 279 waliokuwa wakingoja upasuaji kama huo wa mama yenu, wote wakiwa wale ambao madaktari waliona kifua chao kina hatari kubwa. Nusu walivuta kifaa chenye mzigo dakika 20 kila siku kwa angalau wiki mbili kabla ya kupasuliwa, wakianzia asilimia 30 ya uwezo wao na kupanda. Nusu nyingine walipata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Matatizo ya mapafu baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 35 ya wale wa kawaida, na asilimia 18 tu ya waliofanya mazoezi. Nimonia peke yake ilikuwa asilimia 16 kwa 6.5. Katika kazi yangu si mara nyingi kuona kifaa kidogo hivyo kikipunguza madhara kwa nusu.

Wazee wetu wanaposema "alazwe" wanasema kwa huruma, nami siwabezi. Lakini mgonjwa anayelala wiki tano akingoja zamu anaingia kupasuliwa akiwa dhaifu kuliko siku aliyoandikishwa.

Sharti ni hili: daktari wa moyo aseme ndiyo, kwa mdomo wake, kwa mama yenu huyu. Kama kifua kinambana hata akiwa amekaa, au miguu inavimba na hawezi kulala bila mito mitatu, au ana mlango wa moyo uliobana sana, asivute mzigo mpaka wamtulize au waamue vinginevyo. Akiruhusiwa, anzeni chini kabisa na mtaalamu wa fiziotherapia amwone akifanya angalau mara ya kwanza.

Jingine ambalo halihitaji ruhusa ya mtu: mfundisheni kukohoa sasa. Aukumbatie mto kifuani kwa mikono miwili, avute pumzi, akohoe akiwa ameubana. Akishapasuliwa si wakati wa kujifunza, atakuwa na maumivu na usingizi. Na mto uende naye hospitali, mito ya wodini mnaijua.

SWALI: Mama Pumzi, mimi ni mwalimu Morogoro, miaka 54. Presha yangu juzi ilikuwa 148 kwa 92 na natumia amlodipini. Nimeona video inasema kuvuta kifaa dakika tano kwa siku ni sawa na kumeza dawa. Naweza kuacha vidonge?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Video ina chembe ya ukweli, halafu imeivalisha joho.

Chembe yenyewe ni hii. Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, watafiti waliwafanyisha watu 36 wa miaka 50 hadi 79, wenye namba ya juu ya presha kuanzia 120. Kundi moja walivuta pumzi 30 tu kwa siku, siku sita za wiki, lakini kwa mzigo mkubwa, asilimia 75 ya uwezo wao wote. Wengine walipewa kifaa kilekile chenye mzigo mdogo usio na maana. Baada ya wiki sita namba hiyo ya juu kwa kundi la kwanza ilikuwa imeshuka kwa wastani wa pointi 9, na mishipa yao ilitanuka vizuri zaidi. Walipoacha kwa wiki sita nyingine, sehemu kubwa ya nafuu ilikuwa bado ipo. Ilichapishwa mwaka 2021, na hata mimi niliisoma mara mbili.

Sasa igeuze upande wa pili. Ni watu 36. Ni wiki sita. Hakuna aliyewafuatilia miaka kumi kuona nani kapata kiharusi na nani hakupata, wakati vidonge vya presha vimefuatiliwa hivyo kwa maelfu ya watu. Na chukua 148 yako utoe 9: unabaki na 139, tena ukiwa bado unameza dawa. Ukiacha dawa hesabu hiyo inavurugika yote.

Halafu, Mwalimu, mtu mwenye 148 kwa 92 akiwa kwenye kidonge, presha yake haijadhibitiwa. Rudi kliniki wakaangalie dozi au wakuongezee dawa ya pili. Pima nyumbani umekaa dakika tano kwanza, si ukitoka kukimbizana na kidato cha pili. Kifaa ukitaka nunua, mweleze daktari, kiwe nyongeza. Usizuie pumzi katikati ya kuvuta, wala usijikamue uso mpaka uwe mwekundu, hilo linapandisha presha papo hapo.

SWALI: Mama Pumzi shikamoo. Mume wangu anakoroma mpaka watoto wanaamka, na kuna wakati ananyamaza kabisa, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Mjomba wake hapa Tanga ni mpiga zumari wa zamani, anasema wapiga zumari hawakoromi, amfundishe. Ni kweli au ananitania? Mume ni dereva wa basi la Dar.

JIBU: Marahaba. Mjomba hajakosea kama unavyodhani.

Mpiga zumari haikati sauti ili avute pumzi. Anaweka hewa mashavuni, anaisukuma kwenye chombo huku akivuta nyingine kwa pua. Huko Australia wenyeji wa asili wana baragumu refu la mti, didgeridoo, linalopigwa kwa mbinu hiyohiyo. Watafiti wa Uswisi walichukua watu 25 waliokuwa wakikoroma na pumzi kukatika usingizini, wakawafundisha wengine wao kulipiga kwa miezi minne, karibu kila siku. Waliojifunza walipunguza kusinzia mchana, pumzi zilikatika mara chache zaidi, na hata waliolala nao walipata usingizi. Utafiti ulichapishwa na jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, na mwaka 2017 ukapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kinachoimarika hapo zaidi ni misuli ya koo na ulimi, inayolegea usiku na kuziba njia. Lakini waliopimwa walipiga didgeridoo, si zumari, na tatizo lao lilikuwa la kati, si kali.

Huko kunyamaza halafu kushtuka ndiko kunakonitia wasiwasi. Mtu wa namna hiyo halali hasa, anasinzia mchana, naye ana abiria nyuma yake. Aende hospitali wiki hii, umsindikize, maana yeye mwenyewe hajisikii akikoroma. Mrekodi kwa simu usiku huu, daktari asikie. Wakimwandikia mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, aitumie. Kama ana kitambi, kipungue. Pombe ya jioni aiache. Mwambie bosi ampe zamu fupi mpaka apimwe. Zumari mjomba amfundishe Jumapili, mradi vitoto visikie mapema kwamba sasa kelele ni za mchana.